Naomba ushauri: chipu ya kuunganisha adapta na pawabenki kwa Raspberry Pi

Wakuu, nalisha Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya 5V, 2A) kwa adapta, pawabenki ikiwa akiba. Diodi mbili za SS34 zinazuia mkondo kurudi nyuma, ila zinakula karibu 0.4V, Pi hulalamika ikishuka chini ya 4.63V.

Badala ya diodi nafikiria chipu. LM66100 ina miguu, inalehemeka kwa mkono, lakini mwisho 1.5A. TPS2121 inabeba 4.5A na kwa ukinzani wa 56mΩ inapoteza 0.11V tu. Tatizo haina miguu, bila hewa ya moto huiwezi.

TPS2121 inahama kutoka adapta kwenda pawabenki kwa takriban 5µs, hivyo kapasita ya 100µF ya kushikilia umeme wakati huo itashuka 0.1V. Nikiweka 470µF, mkondo mkubwa wa kuijaza wakati wa kuwasha hautaizima pawabenki? Au kuna chipu ya miguu inayofika 3A?