Mrejesho: darubini ya kwanza, pete za Zohali nimeziona

Ndugu zangu, niliuliza nichague ipi: darubini ya lenzi ya milimita 60 iliyoandikwa "mara 525", au ya kioo cha milimita 150. Mliniambia nitazame kipenyo, si namba ya kwenye boksi. Asanteni sana, nilichukua ya kioo.

Taa za Nakuru zilinisumbua, basi Jumamosi tukaibeba hadi kwa shangazi, Njoro. Ni nzito kweli. Tuliiacha nje nusu saa ipoe. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25, yaani ukuzaji wa mara 48 tu (urefu wa fokasi wa darubini, milimita 1200, gawanya kwa 25), pete za Zohali zikatokea, nyembamba, safi. Shangazi alichungulia, akanyamaza, kisha akaita majirani.

Kilimia, lile kundi la nyota, chote hakikuingia kwenye eneo linaloonekana. Hicho nitakitazama kwa darubini ya macho mawili.