Mrejesho: povu la kahawa ya Kikuba limekubali, ila si kila siku

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kahawa yangu ya Kikuba haitoi lile povu la rangi ya karameli tunalopewa kwenye vidirisha vya kuuzia kahawa huku Miami. Yangu ilikuwa kahawa nyeusi yenye sukari, basi.

Aliyesema tatizo ni matone ya kwanza, ubarikiwe sana. Nilikuwa namwaga kahawa yote kwenye sukari kwa mpigo. Sasa naacha mfuniko wa birika la moka (lile la jikoni ambalo mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa hadi juu) wazi, moto mdogo, na ile nzito ya mwanzo ikianza tu kuchuruzika nachota kijiko kimoja cha chai, natia kwenye vijiko vinne vya sukari nyeupe na kusugua kwa nguvu. Mwanzo ni kama mchanga uliolowa, mkono unauma kweli, halafu inalainika na kupauka kama uji mzito. Hapo namimina iliyobaki na povu linapanda lenyewe.

Jumapili nilizidisha kijiko kimoja cha kahawa, nikapata sharubati.

Ushauri wa kushindilia kahawa kwenye kichujio umenigomea: mvuke ulitokea pembeni, jiko likachafuka, ladha ikawa ya kuungua. Mliosema nijaze na kusawazisha tu mlikuwa sahihi.

Jirani yangu, mama wa Havana, ameonja. Povu kalipitisha, kahawa kasema bado nyepesi. Kesho natafuta iliyokaangwa sana na kusagwa laini zaidi. Asanteni wote.