Naomba ushauri: gugumaji linang'oa mafunjo tuliyopanda Dunga

Habari zenu wapendwa. Tunarudisha mafunjo kwenye ukingo wa ziwa uliokuwa umelimwa hapa Dunga, Kisumu. Tunakata shina nene la topeni vipande vya shibiri moja, kila kimoja na machipukizi 2 au 3, tunavilaza kwenye tope pale maji yanapofika kifundo cha mguu, mita 1 kwa mita 1. Kushika vinashika. Shida ni alasiri: upepo wa ziwani husukuma mikeka ya gugumaji inayoelea hadi ufukweni, inalalia chipukizi na kuzing'oa kabla mizizi haijashikamana.

Nimefikiria uzio wa mianzi upande wa maji, lakini viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi. Wakizibiwa njia wataubomoa, na vigingi vilivyochongoka vinaweza kuwajeruhi. Niache mwanya wa upana gani kwenye mapito yao? Au kamba yenye madebe matupu yanayoelea itatosha? Nyavu kuukuu sizitaki kabisa, zinanasa ndege.

Na mnaovuna mafunjo ya mikeka, mnaacha ukanda gani bila kuguswa? Yule ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano makao yake ni mafunjo tu. Tukifyeka kichaka kizima kwa mara moja hana pa kwenda.