Naomba ushauri: mtoto wetu aitwe Tabu?

Habari zenu ndugu. Mke wangu kajifungua salama binti, na baba yangu anataka aitwe Tabu, jina la marehemu mama yake. Bibi alizaliwa mwaka wa njaa, zama za kina Shida, Mashaka na Masumbuko. Nilimpenda bibi mno, ila nawaza shuleni: "Tabu kaja!", "Tabu tupu!" Watoto hawana huruma. Najua mwanamuziki Tabu Ley wa Kongo alipendwa Afrika nzima na jina lake hilohilo, lakini mke wangu anaamini jina humfuata mtu, hataki kabisa. RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania, wanataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Je, cheti kiandikwe Rehema, Tabu libaki la nyumbani? Au mzee ataona tumemdharau mama yake? Mliopitia haya, mlizungumzaje na wazee?