MJADALA: Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, mashujaa au walitumiwa?

Mzee wa Kaunta: Wadau, vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1863. Weusi wamejitolea jeshi la Kaskazini, wameahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wazungu. Wakapangiwa 10, tena 3 zinakatwa za sare. Na bado wakatangulizwa mbele kuvamia Fort Wagner, ngome ya Kusini. Walipigania uhuru au walitumiwa?

Muya: Watumiwe vipi mkuu, na walijiandikisha wenyewe? Frederick Douglass, mweusi aliyepinga utumwa na aliyekuwa akihamasisha watu wajiandikishe, alitoa wanawe wawili, Lewis na Charles.

Kisiki: Alitoa wanawe. Yeye alikwenda? Wanasiasa ni wale wale.

Muya: Mtu ana miaka arobaini na ushee, ulitaka akabebe gobole ndio uridhike?

Bi Mwanaidi: Tuacheni Douglass. Walikaa mwaka na nusu hawagusi mshahara. Jimbo la Massachusetts likasema litajazia pengo, wakakataa pia. Haya, heshima. Huko nyumbani watoto walikuwa wanakula heshima?

Kisiki: 😂😂 Dada umemaliza. Mwanaume haachi matumizi, anaacha msimamo.

Bakari wa Pili: Chekeni tu. Wangepokea ile 7 wangekuwa wamekubali kwamba roho zao ni za bei ya jioni. Bunge lilisawazisha malipo Juni 1864 kwa sababu ya ugumu huo huo.

Bi Mwanaidi: Mimi sijacheka, usinifunge kamba moja na Kisiki. Wewe mshahara ukichelewa wiki tu, tunakusoma humu unalia.

Bakari wa Pili: Sasa mimi nimeingiaje?

Muya: Na kugoma kwenyewe kulikuwa na risasi. Sajini William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini kwa ajili ya mshahara huo, jeshi lake lenyewe likampiga risasi 1864.

Kisiki: Huyo si wa 54.

Muya: Nani kasema wa 54? Wa South Carolina. Ila jeshi ni lile lile.

Mzee wa Kaunta: Jamani, swali langu…

Bakari wa Pili: Mzee subiri. Sheria ile ya Juni ilisema nyongeza ya tangu kuandikishwa ni ya waliokuwa huru kufikia 19 Aprili 1861. Na wengine walikuwa watumwa! Kanali Hallowell, mkuu wa 54, akawatungia kiapo: siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kudai jasho lao. Wakaapa, na hawakusema uongo.

Bi Mwanaidi: Hapo nimewavulia kofia. Ila wake zao sijaona ulipowataja.