Ramani ya jani la klova ya Bünting (1581): mbona inagoma kwenye QGIS?

mwanafunzi_wa_ramani: Wakuu, naandaa somo la jiografia ya Biblia. Ile ramani ya Heinrich Bünting, dunia kama klova ya majani matatu na Yerusalemu katikati, nimeipa pointi 12 za kuioanisha na ramani ya leo kwenye QGIS, ile programu ya ramani. Polynomial 1 (inayozungusha na kunyoosha picha nzima kwa pamoja) inatoa makosa makubwa ajabu. Nikihamia Thin Plate Spline (inayopinda picha sehemu kwa sehemu) makosa ni sifuri, ila picha inajikunja kama nguo iliyokamuliwa. Nakosea wapi? Na huyu mzee aliamini kweli dunia iko hivyo?

mpima_ardhi: Pointi zako hazina shida. Hiyo sifuri ndiyo inayokudanganya: Thin Plate Spline hulazimishwa kupita kwenye kila pointi uliyoweka. Toa moja, kisha uone itaangukia wapi.

Tatizo lenyewe liko kwenye mchoro. Ulaya, Asia na Afrika zinagusana pale Yerusalemu tu, na kati ya jani na jani ni bahari. Misri na Arabuni, ambazo ni majirani, zimewekwa kwenye majani mawili tofauti. Hakuna fomula ya kuziba hapo. Iache picha kwenye pikseli zake. Tengeneza jedwali: jina kama lilivyochapwa, jani, x na y za pikseli, halafu latitudo na longitudo za leo kwenye safu zao. Na uangalie mkunjo: ramani imechapwa kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiyo kwenye kitabu kilichojalidiwa milimita kadhaa za katikati humezwa, hapo hapo penye Yerusalemu.

kitabu_cha_kale: Kuamini? Hapana. Kitabu chake kilichobeba klova hiyo kina pia ramani ya dunia ya kawaida, na kichwa chake kinasema ndiyo sura ya kweli ya nchi na bahari. Bünting alikuwa mchungaji wa Kilutheri, mzaliwa wa Hannover, na maneno yaliyo juu ya klova yanataja wazi kuwa hiyo ni nembo ya mji wake. Majani matatu ni mgawanyo wa kale wa dunia kwa wana watatu wa Nuhu. Yerusalemu katikati ni Ezekieli 5:5. Amerika, ambayo haikuwa na mwana wa kuirithi, imebanwa kwenye kona ya chini kushoto.

Ukionyesha pia Ulaya yake ya umbo la mwanamke, usiizungushe. Kichwa ni Hispania, kwa hiyo juu ni magharibi na kaskazini iko kulia. Mkono wenye Sisilia ni Italia. Asia yake ni farasi mwenye mabawa, kichwa kikiwa Asia Ndogo.

mpima_ardhi: Naongeza moja, maana wengi huchemka hapa. Umbali usiupime kwenye michoro hiyo. Uchukue kwenye maandishi, kitabu kizima ni hesabu za safari. Ila maili zake ni za Kijerumani, 15 kwa digrii moja ya latitudo, yaani kama kilomita 7.4 kila moja. Ukizidisha kwa 1.6 umeharibu. Jaribu na Yerusalemu hadi Bethlehemu, takriban kilomita 9: kwa maili hizo ni moja na kitu. Ukiisoma kama maili ya Kiingereza, Bethlehemu itakuwa kilomita mbili tu kutoka Yerusalemu.