Mrejesho: ile orodha ya mafanikio ya idara yetu
Wapendwa salaam toka Kampala, mwezi jana niliwauliza kama ni haki orodha ya mafanikio ya idara yetu iwe ya maprofesa tu, fundi wa maabara na wahitimu waachwe nje, mkanishauri niende na mfano. Basi nikaenda na wa Chuo Kikuu cha Makerere, mradi wa AirQo wa kupima uchafuzi wa hewa ulioanza 2015, mwanzilishi wake Profesa Bainomugisha anajulikana lakini vile vipima hewa vimefungwa hadi kwenye bodaboda, na kuna mikono iliyovifunga. Mkuu wa idara akanyamaza, akachukua kalamu akaandika jina la fundi wetu, la tatu toka juu! Jana nimemkuta fundi huyo kwenye ubao wa matangazo na koti lake la maabara, kidole juu ya jina lake, anampigia simu mkewe. Wahitimu bado, nafuatilia. Asanteni sana jamani.